Gauni la Rangi Mbili Lililonipa Kiuno

Mwenye nyonga pana hakosi kuambiwa: "Dada, vaa nyeusi, utapungua." Ushauri huo nimeufuata miaka mingi, na unaniudhi kwa sababu ni nusu tu ya maneno. Nyeusi inaficha mikunjo ikiwa kitambaa hakina mng'ao. Gauni langu jeusi la kwanza lilikuwa la satini, na satini hurudisha mwanga kila palipoinuka. Taa za ukumbini zikatua tumboni na mapajani, zikachora kila kitu. Elfu 60 na kitu, pamoja na ufundi, zikaenda hivyo. Krepu nyeusi au pamba isiyong'aa ingekuwa habari nyingine kabisa.

Rangi yenyewe si kitu kikubwa kama mpaka, yaani pale rangi moja inapokutana na nyingine. Jicho huufuata mpaka huo. Ukipita sehemu nyembamba, wembamba ndio utakaoonekana. Ukikatiza katikati ya nyonga, umewaonyesha watu nyonga. Ndiyo maana blauzi nyeupe inayoishia penye upana wa nyonga, juu ya sketi nyeusi, inaongeza mwili badala ya kuupunguza, hata kama sketi ni nyeusi tii.

Sare ya harusi ilipopangwa kuwa pichi, rangi ambayo kwangu peke yake inajaza, niliomba kuichanganya na damu ya mzee. Vipimo vyangu ni kifua inchi 40, kiuno 36, nyonga 46. Gauni ni la kawaida, nikaongeza inchi 2 za kupumulia, kwa hiyo mbele, yaani nusu ya mzunguko, ni 21 kifuani, 19 kiunoni na 24 nyongani. Pichi ikae katikati, damu ya mzee pembeni.

Mara ya kwanza kipande cha katikati kilikatwa wima, inchi 15 kutoka juu hadi chini. Kikasimama kama ubao. Rangi nyepesi ndiyo jicho linayoichukua kuwa mwili, na mwili huo haukuwa na kiuno hata kidogo, maana pembeni kiunoni zilibaki inchi 2 tu za rangi iliyokoza. Likafumuliwa lote.

Mara ya pili nilichukua gauni kuukuu la rangi moja, nikachora mpaka kwa chaki, nikabana mabaki ya kanga kwa pini kufuata mchoro, nikapigwa picha. Simu ishikwe usawa wa kifua, mpigaji asimame hatua 5 mbali. Ikishikwa chini, nyonga zinakua zenyewe na utajidanganya. Nilisogeza pini mara 4 hadi nikapata hivi: kifuani katikati inchi 13, kiunoni 9, nyongani 14. Pembeni zikabaki 4, 5 na 5 kila upande. Angalia nyonga: mwili una 24, lakini nyepesi inayoonekana ni 14 tu. Mgongo wote ni damu ya mzee, na zipu ya rangi hiyohiyo, kwa sababu zipu nyeupe ni mpaka mwingine ambao hukuupanga.

Halafu ile picha igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Hapa ndipo nilipookoa hela. Kitambaa cha kwanza nilichokipenda Kariakoo kwa sketi nyingine kilikuwa kijani cha chupa, nikakilinganisha na damu ya mzee. Machoni zinapishana sana, lakini pichani zikawa kijivu kimoja. Ukumbini kwenye mwanga hafifu mpaka wa namna hiyo haupo. Rangi zinazopishana kwa kukolea ndizo zinazochonga umbo, si zinazopishana kwa jina.

Vitambaa vyote vioshwe na kupigwa pasi kabla ya kukata. Pamba hunywea, krepu ya poliesta mara nyingi hainywei, na ukiviunganisha bila kuosha, mshono utajikunja siku ya kwanza ya kufua. Damu ya mzee ioshwe peke yake hadi maji yatoke safi, la sivyo pichi itapata madoa. Penye tao la kiuno, akiba ya mshono ikatwe mikato midogo kila inchi moja bila kugusa uzi, ndipo upige pasi. Fundi akiruka hilo, mpaka unavutika na kiuno chote kinapinda.

Kitenge kina shida yake. Fundi hutandika kitambaa kwa namna ya kubana matumizi, ua kubwa la manjano likaangukia katikati ya tumbo, au maduara mawili yakakaa kifuani. Nunua yadi 6 hata kama gauni linatosha kwa 4, mwambie fundi aweke ua kubwa begani au chini karibu na upindo, na umwonyeshe kwa kidole kabla hajashika mkasi. Mwenye mabega membamba na nyonga pana kama mimi, maua makubwa yakae juu. Mwenye kifua kikubwa ageuze.

Mistari ya kulala nayo imesingiziwa kwamba inanenepesha. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha tangu karne ya 19 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu zaidi kuliko wenye mistari wima. Mimi ninaivaa ikiwa myembamba na mingi. Mmoja mpana, uliokoza na uko peke yake, huo ndio wa kuogopa, kama pindo la kanga lililokatiza pajani.

Kwa walio wafupi: usijigawe nusu kwa nusu. Juu theluthi moja, chini theluthi mbili, sketi ianzie kiunoni. Viatu viwe karibu na rangi ya ngozi au ya suruali, maana kiatu cheupe chini ya suruali nyeusi kinakata mguu pale kwenye kifundo. Na siku ya harusi, mtandio wa pichi niliubakiza shingoni, fundo juu ya kifua, ncha ziishie juu ya kiuno; zikishuka hadi nyongani zinafunika kiuno chote.