Siku yangu moja na hesabu ya Kamina

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Katuba, mtaa wetu, haina moto, yaani umeme, tangu jana jioni. Naandaa somo kwa tochi ya simu, maji ya chai yakichemka juu ya babula, jiko la makaa. Nafundisha historia darasa la sita hapa Lubumbashi, na somo la leo nimelisubiri mwaka mzima: dola inapojenga kambi ya jeshi katika koloni lake, nani analipa?

Saa moja na nusu. Taksi-basi imejaa, nimepakata madaftari.

Saa mbili. Sianzi na Kamina, kambi ya Wabelgiji hapa kwetu. Naanza na Singapore, ambako Uingereza ilijenga kituo kikubwa cha manowari, maana michango yake inajulikana. Naandika ubaoni: serikali ya koloni lenyewe, ardhi bure. Hong Kong, pauni 250,000. New Zealand, milioni 1. Majimbo ya Wamalay yaliyoungana, milioni 2. Sultani wa Johor, 500,000 mwaka 1935.

Nagawa darasa. Hazina ya London dirishani, wanajeshi mbele, wafanyabiashara wa koloni karibu na mlango. Wabishane dakika kumi. Wanajeshi wanasema: tunalinda biashara yenu, toeni. Wa mlangoni wanajibu: ngome inalinda njia ya meli za dola nzima, kwa nini tuibebe sisi? Hazina wanataka bei ishuke, hata kama mizinga itapungua. Sikuwafundisha maneno hayo. Yamewatoka wenyewe, na ndiyo yaliyosemwa kweli.

Msichana mmoja akauliza, "Madame, hawangeweza kukataa?"

Walikataa. Mwaka 1890, miaka mingi kabla ya kituo hicho, London ilidai koloni lilipe pauni 100,000 kila mwaka kwa ajili ya jeshi. Wafanyabiashara waliokuwa katika baraza la sheria wakapinga miaka kadhaa, na mwaka 1895 wakajiuzulu. Hawakushinda kabisa, ila dai lile la kiasi kimoja likageuka kuwa sehemu ya mapato, ambayo baadaye ilikuwa asilimia 20. Kituo chenyewe kilifunguliwa Februari 1938. Miaka minne baadaye, 15 Februari 1942, Singapore ikaangukia mikononi mwa Japani.

Saa nne. Sasa Kamina, kwetu, mwendo wa treni kaskazini-magharibi. Ubelgiji iliijenga kambi ile kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, ikiogopa kwamba Wasovieti wangeweza kuivamia Ulaya. Marubani wake walikuja kujifunzia pale. Nawasomea kifungu cha kwanza cha Katiba ya Koloni ya mwaka 1908, nikikigeuza kutoka Kifaransa, maana habari ya deni inaingia vizuri zaidi kwa Kiswahili: mali na madeni ya Ubelgiji na ya Kongo yanabaki mbalimbali. Mifuko miwili, basi. Nani atie mkono katika upi? Wizara ya Ulinzi wakae mbele, Wizara ya Makoloni dirishani. Nikageukia mlango. Wakongomani hawakuwa na kura, hawakuwa na mjumbe wa kujiuzulu. Benchi la karibu na mlango likabaki tupu, na wanafunzi hawakuacha kulitazama.

Saa sita. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), kisha makopi ya wanafunzi ya kusahihisha hadi saa nane.

Saa tisa. Nipo komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa mzee ambaye baba yake alisukuma kokoto Kamina wakati kambi inajengwa. Ananipa munkoyo kwanza, kinywaji cha kwetu, halafu anatoa kitabu cha kazi cha marehemu, kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Mchwa wamekula pembe. Ndani kuna sahihi ya bwana mzungu, ndefu, yenye mkia. Chini yake alama ya kidole gumba, wino wa zambarau, mistari yake bado inahesabika. Upande mmoja imekatika, kama kidole kilikuwa na kovu.

"Ule njo mukono ya baba," ananiambia. "Hakuyua kuandika."

Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kueleza kambi ile ilikuwa ya nini. Alisema ndege, basi.

Saa kumi na mbili jioni. Moto umerudi. Mzee amenikubalia kuupiga picha ukurasa ule. Nauchapisha leo kwa ukubwa, na kesho asubuhi nitauweka juu ya benchi la karibu na mlango kabla wanafunzi hawajaingia.