Saa Kumi na Mbili, Hawassa

Basi la Arba Minch liliniacha Hawassa, kusini mwa Ethiopia, kwa sababu niliuliza saa kwa Kiingereza. Kijana wa tiketi naye akanijibu kwa Kiingereza: kumi na mbili. Nikaichukua kuwa saa ya Kizungu, yaani saa sita mchana kwetu, nikalala hadi jua likapanda. Nilipofika stendi na shanta langu, saa tano na nusu, basi lilikuwa limeondoka zamani. Liling'oa nanga alfajiri, saa kumi na mbili.

Iliniuma sana. Mimi mtu wa Mombasa, tangu utotoni nahesabu saa kuanzia macheo, na Waethiopia wanahesabu vivyo hivyo. Saa moja yao ndiyo saa moja yetu. Laiti ningeuliza kwa lugha yao, au hata ningelipokea jibu kwa Kiswahili changu, ningelielewa bila kutoa wala kuongeza. Kiingereza kilituingilia katikati sote wawili.

Kando ya stendi palikuwa na mama akiuza kahawa chini ya turubai, majani mabichi yametandazwa miguuni pake. Nikamsalimu kwa maneno niliyookota njiani tangu Moyale: "Dehna neh?" Binti yake akacheka, kisha akanielekeza taratibu. "Neh" huambiwa mwanamume, mtu mzima wa kuheshimiwa huambiwa "dehna not?" Njia nzima watu walikuwa wakinisalimu mimi, mwanamume, nami nikaibeba salamu vile vile nilivyopewa. Nikairudia kwa adabu. Uso wa yule mama ukakunjuka kama wa nyanya yangu akipewa shikamoo na mgeni, nikavutiwa kigoda.

Kahawa wao huiita buna. Nikamwambia binti kwamba sisi punje zake tunaziita buni, naye akamtafsiria mamake, na hapo tukaanza kutafutana. Alikuwa na Kiingereza kidogo cha shule, lakini tulikihitaji kidogo kuliko nilivyodhani. Sukari ni sikwar. Sabuni ni samuna. Ukitaka kulipa unaitisha hisab, nayo ni hesabu. Saba yao ni sebat. Kiamhari na Kiarabu ni ndugu, na sisi wa pwani tumekopa mengi kwa Waarabu, kwa hiyo tulikuwa tukikutana kwenye nyumba ya jamaa wa pande zote mbili.

Mama akakaanga buni, akatupitishia moshi wake puani, akatwanga, akachemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Kikombe cha kwanza ni abol, cha pili tona. Cha tatu binti alipokitaja nilimwomba arudie, nione kama nimesikia sawa: baraka. Nilikaa hadi cha tatu. Kisha chakula kikaja, na mama akakunja injera, mkate wao mwembamba, na shiro, mchuzi wa unga wa kunde, akanitia kinywani kwa mkono wake. Wanaita gursha. Mara ya mwisho kulishwa hivyo nilikuwa mtoto mgonjwa.

Nimelala kwenye hosteli nyingi na wasafiri wenzangu, Kiingereza chetu kinateleza vizuri. Tunapeana bei za mabasi na habari za viza, asubuhi kila mtu njia yake, na nyuso zao sizikumbuki. Wale ninaowaita marafiki ni walionisahihisha ulimi, neno kwa neno, bila haraka.

Kesho yake, giza bado, mama alikuwa stendi kabla yangu. Alisema na konda maneno mengi akininyooshea kidole, nikaambulia moja tu, "lij", mtoto. Nikapewa kiti cha dirishani.

Binti huniletea ujumbe wa sauti kila Septemba, mwaka wao mpya unapoingia. Wa mara hii umesema wamepata kibanda cha mabati, na nikija niende asubuhi, sost saat, mama akianza kukaanga. Nimeandika kwenye daftari: saa tatu.