Friza ilibaki, watu wakaondoka

Juzi nimekutana na mtu tuliyefanya naye kazi kwenye jaribio la chanjo, yeye alikuwa maabara mimi nikiwa karani wa data, nikamuuliza siku hizi uko wapi, akacheka akasema nauza simu. Mtu aliyekuwa anajua kutenganisha seli za damu na kuzigandisha zisife, kazi iliyomchukua karibu mwaka mpaka mkono ukakaa sawa! Nimerudi nyumbani nimeudhika, ndo maana naandika.

Maana kila ukisikia habari za kujenga uwezo wa majaribio ya chanjo kwenye nchi zenye kipato kidogo, utaoneshwa jengo na friza. Friza zinahitajika, sibishi, sampuli zinataka nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme ukikatika usiku halafu jenereta isiwake, kwisha habari. Sisi tulikuwa na zamu ya kusoma joto asubuhi na jioni, unaandika kwenye daftari, ukikosea hamna kufuta, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika iliyo sahihi pembeni na kuweka herufi za jina lako na tarehe. Mwanzoni niliona ni usumbufu tu. Siku moja monita, yule mkaguzi wa jaribio, akakuta namba imepakwa korekta nyeupe, jamani, tulijieleza siku mbili kwa ajili ya namba moja.

Sasa kinachokula muda kweli huwezi kukipiga picha. Mfano vipimo vya damu vya mtu mzima wa afya. Kwa miaka mingi vituo vya Afrika vilikuwa vinatumia viwango vya kawaida vilivyotoka Ulaya na Marekani, na Waafrika wengi kwa maumbile tu wana neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) kidogo kuliko hivyo viwango, kwa hiyo kijana mzima hana hata mafua anaambiwa damu yako haijafaa kwa jaribio, rudi nyumbani. Ilibidi watafiti wakae wapime watu wenye afya wa hapo hapo ndo wapate viwango vinavyoeleweka. Kazi kama hiyo haina chanjo ndani yake wala haina sherehe, na kumpata wa kuilipia ni shughuli.

Au RTS,S, chanjo ya malaria. WHO walipoipendekeza 2021 kuna watu walidhani imeibuka tu, kumbe awamu ya tatu, lile jaribio kubwa la mwisho, ilianza 2009 ikaisha 2014, watoto zaidi ya 15,000, vituo 11 kwenye nchi 7 za Afrika. Na hivyo vituo havikuanza 2009. Kilifi, Kenya, kwa mfano utafiti upo tangu 1989, na toka 2000 wanapita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, bila hivyo utajuaje mtoto aliyelazwa ni yule yule uliyemchanja?

Upande wa vibali nako kumesogea, kuna jukwaa la AVAREF lililoanzishwa na WHO 2006 ili mamlaka za dawa za Afrika zikae pamoja kupitia maombi, japo faili kukaa mezani bado kupo.

Halafu lugha, hii nayo watu wanaidharau. Kwenye fomu yetu ya ridhaa ya kwanza plasibo, ile sindano ya kulinganishia, iliandikwa "dawa bandia". Kwa mtu wa kawaida dawa bandia ni ile feki inayokamatwa! Mama mmoja alisoma mpaka hapo akamvuta mwanae akaondoka, na mimi ningeondoka. Tukabadilisha ikawa "sindano isiyo na chanjo ndani", fomu ikarudi kamati ya maadili upya, wiki kadhaa zikapita. Aliyeligundua tatizo ni dada wa mradi aliyekuwa anaketi na wazazi wasiojua kusoma, wanaosaini kwa dole gumba, wenye digrii tuliipitia ile fomu mara ngapi sijui hatukuona kitu. Mkataba wake uliisha na mradi, kama wetu wote, friza ikabaki imefungiwa chumbani na kibandiko cha namba ya mfadhili.

Nilimuuliza huyu wa simu, wakianza jaribio jingine utarudi? Akasema hata kesho, ila cheti chake cha kanuni za utafiti kimeshaisha muda na hana mradi wa kumlipia kingine.