Kabla hujanunua habu ya nyumba janja, uliza akili yake inakaa wapi

Kila anayekuja kuniuliza habari za habu, yaani kile kiboksi kinachoongoza taa, swichi na vidude vingine vya nyumba janja, ananianzia na redio, zile njia za vifaa kuongea bila waya, eti ina Zigbee? ina Thread? inashika Matter? na mi huwa namwacha amalize alafu namuuliza swali moja tu: intaneti ikikata, ukibonyeza swichi taa itawaka? Wengi hapo wanakaa kimya kwanza. Siwalaumu, maana kwenye boksi huwa hawaandiki hilo, wanaandika tu inafanya kazi na nani na nani, nembo zimejaa upande mzima.

Iko hivi. Kazi ya habu ukiiangalia ni ndogo sana: sensa ya mlango (kidude kinachohisi mlango) inasema nimefunguliwa, habu inasikia, inaangalia ulivyopanga (kama ni usiku washa taa ya korido), inatuma amri kwenye taa, basi. Sasa hiyo sehemu ya katikati, ya kuangalia ulivyopanga, inafanyika wapi, hapo ndo penye mchezo wote. Kuna habu zinafanya humo humo ndani ya kiboksi. Na kuna zingine kiboksi ni masikio na mdomo tu, akili iko kwenye seva ya kampuni, pengine bara lingine kabisa, kwa hiyo habari ya mlango wako inasafiri mpaka huko na kurudi ndo taa iliyo hatua tatu kutoka mlangoni iwake. Siku mtandao uko poa utaona kacheleweshaji kadogo tu na utakazoea. Siku umekata unabaki na plastiki juu ya kabati.

Na intaneti kukata wala sio shida kubwa, itarudi. Shida ni kampuni ikikata. Hii sio hadithi ya kutishana, imetokea na imerudia. Revolv ilikuwa habu ya maana tu, iliuzwa kwa ahadi ya huduma ya maisha, Nest, kampuni ya Google, wakainunua mwaka 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa, viboksi vyote vikafa siku hiyo, vizima kabisa havijaungua wala nini. Lowe's, wale wa maduka ya vifaa vya ujenzi Marekani, walikuwa na habu yao ya Iris, wakaifunga Machi 2019. Wink, habu nyingine, watumiaji wake waliambiwa mwaka 2020, tena kwa taarifa ya muda mfupi mno, kwamba sasa mtalipia kila mwezi, kitu ambacho hakikuwepo wakati wananunua. Alafu Insteon, Aprili 2022, hawa hata tangazo hawakutoa, watu waliamka apu haifunguki. Ila Insteon ndo mfano ninaoupenda kwa sababu swichi zake zilikuwa zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe, na waliokuwa wameiunganisha habu yao na programu inayokaa ndani ya nyumba waliendelea kuwasha taa kama kawaida huku wenzao wanalia. Baadae kikundi cha watumiaji kikainunua kampuni na seva zikarudi, lakini hiyo ni bahati, huwezi kupanga nyumba yako kwa bahati.

Kwa hiyo mi kipimo changu cha kwanza ndo hicho. Ukiweza kuijaribu habu kabla ya kuiamini, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta (ruta yenyewe iache iwake) alafu jaribu vitu. Swichi, sensa, ratiba ya saa kumi na mbili jioni. Kinachogoma hapo ujue kinakaa kwa watu.

Nani anapita? Home Assistant anapita bila shaka, ni programu huria iliyoanza 2013, na tangu 2024 iko chini ya taasisi isiyo ya faida, Open Home Foundation, kwa hiyo hakuna wa kuamka asubuhi akaiuza. Unaiweka kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja) au kompyuta ya zamani, au unanunua kiboksi chao cha Home Assistant Green ambacho kinakuja tayari. Angalizo kwa wanaonunua Green: haina redio ya Zigbee ndani, lazima uchomeke kijiti cha USB chenye redio hiyo pembeni, na watu wanaligundua hili boksi likiwa limeshafunguliwa. Pia tuambiane ukweli, Home Assistant inataka mtu anayependa kuchokonoa. Inatoa toleo jipya kila mwezi na kuna toleo litakuja kukubadilishia kitu ulichokuwa umekizoea, kama nyumbani kuna watu wasiojali mambo hayo na wanachotaka ni taa ya bafuni iwake tu, basi wewe ndo fundi wa zamu, Jumapili na sikukuu.

Hubitat nayo kila kitu kinakaa ndani, ina Zigbee na Z-Wave (redio nyingine ya vifaa vya nyumba), sura ya apu yake haivutii hata kidogo lakini inapiga kazi, na mi naona kwa mtu anayetaka kupanga mara moja na kusahau hii ni bora kuliko wengi wanavyoisema. Homey Pro ina karibu kila redio unayoweza kufikiria, mpaka ile infraredi ya rimoti za TV na ya 433 megahezi, ila bei yake nayo imejua hivyo. SmartThings ya Samsung ina apu nzuri, zamani karibu kila kitu kilikuwa kinapita kwenye seva, siku hizi sehemu kubwa imehamia ndani ya habu lakini sio zote, hapo ndo ule mtihani wa kuchomoa waya unakusaidia. Kwa wenye simu za iPhone, Apple TV au HomePod (spika ya Apple) inakuwa habu yenyewe na mambo yanafanyika ndani, ila Zigbee haina, usije ukainunua ukitegemea itaongea moja kwa moja na sensa zako za Zigbee. Na kama unachotaka ni taa tu, Hue Bridge (habu ya taa za Philips Hue) inatosha kabisa na inafanya kazi bila intaneti, kikomo chake ile ya kawaida ni kama taa 50 hivi, chumba na sebule haviwezi kufika huko.

Haya sasa redio, maana najua mtanisumbua.

Zigbee na Thread zote zinatumia 2.4 gigahezi, humo humo ilipo waifai ya kawaida na Bluetooth, wakati Z-Wave iko chini huko, 868.42 megahezi Ulaya na 908.42 Marekani. Maana yake mbili. Moja, Z-Wave haigombani na waifai yako na inapenya ukuta vizuri zaidi. Pili, na hii inauma watu wanaoagiza mtandaoni, swichi ya Z-Wave ya Marekani haitaongea na habu ya Ulaya hata uzilaze kitanda kimoja, na kwa kawaida hakuna setingi ya kurekebisha kwenye swichi, kwa hiyo angalia namba kabla hujalipa. Zigbee haina huo ugonjwa, na vifaa vyake ni vingi na bei iko chini, ndo maana mi kwa anayeanza nasema Zigbee.

Kitu ambacho Zigbee inakitaka ni vituo vya njiani. Mawimbi yanapokezana kama watu wanaopitishiana ndoo, na anayeweza kupokea na kupitisha ni kifaa kilichochomekwa kwenye umeme tu, soketi, taa, swichi ya ukutani yenye waya wa nyutro (ule wa kurudishia umeme). Sensa ya betri hairushii mtu, inalala muda wote ili betri idumu, inaamka inasema neno moja inalala tena. Kwa hiyo mtu akiweka sensa kumi za betri na habu moja kwenye kona ya nyumba alafu ya chumba cha mwisho inapotea potea, tatizo sio habu, weka soketi mbili janja njiani uone. Na taa nazo zina mtego wake, ni kituo kizuri mpaka siku mtu anazizima kwenye swichi ya ukutani, hapo kituo kimekufa na sensa zote zilizokuwa zinapitia kwake zinaanza kuhangaika. Mi ndo maana sipendi kutegemea taa, napenda soketi ambazo hakuna mtu ana sababu ya kuzigusa.

Kuhusu kugombana na waifai, kama ruta yako iko chaneli 1 inakanyaga chaneli za Zigbee 11 mpaka 14, ikiwa 6 inakanyaga 16 mpaka 19, ikiwa 11 inakanyaga 21 mpaka 24. Ukiweka Zigbee 25 unakuwa pembeni ya wote. 26 iko huru zaidi lakini kuna vifaa haviipendi. Panga hili mapema kabla hujaunganisha vitu vingi, kubadilisha chaneli baadae kuna vifaa vitahama vyenyewe na vingine utavifuata kimoja kimoja juu ya ngazi. Na wale wa kijiti cha USB, usikichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta kwenye tundu la USB 3, lile tundu linatoa kelele kwenye 2.4 gigahezi hizo hizo, tumia waya wa kurefushia kisogee mbali kidogo. Nusu ya malalamiko ya Zigbee mbovu ninayoyasikia yanaishia kwenye huo waya.

Matter ndo imevuruga watu kabisa. Ilitoka Oktoba 2022, nyuma yake kuna Apple, Google, Amazon, Samsung na wengine kibao, na watu wakaelewa kwamba ukishaona nembo ya Matter basi kila kitu kitaongea na kila kitu. Hapana. Matter sio redio, ni lugha, inapita juu ya waifai, waya wa mtandao, au Thread. Bluetooth inatumika siku ya kuunganisha tu. Kwa hiyo kifaa cha Matter kinachotumia Thread kinataka nyumbani kuwe na kitu kinachoitwa boda-ruta cha kuunganisha Thread na mtandao wako, baadhi ya spika janja na Apple TV zinacho, baadhi hazina ingawa zinafanana kwa nje. Na sensa yako ya Zigbee ya zamani haiwi ya Matter kwa sababu habu ina Matter, labda habu iwe inaitafsiria, kama Hue Bridge au Dirigera ya IKEA zinavyofanya. Lililo zuri kwenye Matter, na hili nalipa alama zote, ni kwamba amri zinakaa ndani ya nyumba kwa asili yake, na taa moja unaweza kuiweka kwenye apu ya Apple na ya Google kwa wakati mmoja bila kuiondoa kokote.

Kuna ambao hawahitaji habu, semeni ukweli. Una balbu tatu na soketi moja, zote za waifai, tumia simu uendelee na maisha. Utakapofika vifaa ishirini thelathini vya waifai na ruta ya kawaida ikaanza kukohoa, ndo urudi tuongee.

La mwisho kabla sijasahau, vifaa vya Matter vina stika yenye msimbo wa QR na namba ya tarakimu 11, na bila huo msimbo siku ukianza upya unaweza ukakwama. Ipige picha kabla hujafunga kifaa darini au ndani ya ukuta, na kwenye picha andika ni cha chumba gani, maana stika zote zinafanana.