Mkanda mwembamba, mkanda mpana, na kukaza

Leo jioni nimerudi kutoka shamba la mjomba kule Naliendele, nyayo zinauma ule uchungu mtamu, nikasema niandike kabla sijalala maana kuna kitu miguu imenielewesha na sitaki kipotee.

Kwa ambao hamjaiona, slakilaini ni mkanda unafungwa kati ya miti miwili, usawa wa goti hivi, halafu unatembea juu yake huku unanesanesa. Ilianzia kwa wapanda miamba wa Yosemite kule California, miaka ya mwisho ya 1970 kuingia 1980, walikuwa wanatumia mikanda yao ya naironi ya kupandia, upana milimita 25. Mwaka 1985 Scott Balcom akavuka hewani mpaka Lost Arrow Spire, mnara wa mwamba wa huko huko Yosemite, juu kabisa. Kwa hiyo mwembamba ndio wa asili, huu mpana wa milimita 50 na racheti yake (kile chuma cha kukazia) umekuja baadaye, na huku Mtwara ndio tunaoufahamu maana upo kwenye kila lori la mzigo.

Sasa anayeanza ataambiwa achukue mpana, mguu unakaa wote. Sibishi, unakaa. Lakini mpana una kingo mbili, ukikanyaga pembeni kidogo tu mkanda unalala upande na kifundo kinalala nao, halafu upepo wa kusi ukishika kasi unaanza kupepea wenyewe hata hujapanda (dawa yake uusokote mara moja kabla ya kukaza, unatulia). Mwembamba unapita katikati ya unyayo, kutoka kati ya kidole gumba na cha pili mpaka kisigino, peku unausikia wote. Hauna upande wa kukuangushia kifundo, mwili unajua mstari uko wapi. Mdogo wangu tumemfungia yote miwili kwenye mikorosho ile ile, na kwenye mwembamba ndiko alikotulia haraka. Mimi nasema anza nao, ilimradi uwe mfupi, mita 6 mpaka 8, na chini.

Ila upana sio ishu kubwa kivile, ishu kubwa ni kukaza. Kila anayekuja pale anataka tukaze mpaka mwisho, anaamini ukikaza sana utakuwa kama ubao. Yaani ni kweli haushuki, lakini mtetemo wake unakuwa wa haraka haraka, goti linapigwa kushoto kulia upesi kuliko unavyoweza kujirekebisha na ghafla upo chini. Ukilegeza kidogo mkanda unayumba mpana lakini polepole, unapata muda wa kurudisha kiuno, mikono ikiwa juu na macho yako kwenye mti wa mbele. Ukilegeza mno nao unakuwa bembea, hapo anayeanza hawezi. Pa kupatafuta ni katikati.

Halafu kuna hesabu yake ambayo mimi naipenda sana. Uzito wako mara urefu wa mkanda, gawanya kwa mara nne ya kiasi unachoshuka ukisimama katikati (urefu na kushuka vyote kwa mita). Mtu wa kilo 60, mkanda mita 8, ukishuka sentimita 40 basi kila mti unavutwa kama na kilo 300. Kaza mpaka ushuke sentimita 20 tu, zinakuwa 600! Mtu yule yule, miti ile ile. Na ukirukaruka zinapanda zaidi. Ndio maana racheti iliyokazwa kupita kiasi ukiifungua inaachia kwa kishindo, weka vidole mbali, na usome lebo ya mkanda kabla hujaufunga. Lebo ya bluu ni mkanda wa poliesta, unavutika kidogo, ya kijani ni wa naironi, unanesa zaidi, na uzito unaohimilika umeandikwa pale pale. Lebo imefutika au nyuzi zimechanika pembeni, mkanda huo waachie wenye kufungia kuni.

Mjomba naye aliangalia kitu kimoja tu, magome. Akaja, akapitisha kiganja kwenye shina, akaniambia, "Mjomba, mkorosho huu ukichubuka umechubua ada ya shule." Kwa hiyo tunakunja magunia yake ya korosho, yale ya juti, tabaka mbili au tatu kuzunguka shina ndio mkanda unapita juu, na jioni tunafungua kila kitu kwa sababu jua nalo linakula nyuzi. Watu wa Mikindani wananiambia njoo huku kuna minazi ufukweni, panavutia kweli, lakini mnazi ukijeruhiwa shina halizibi kidonda, kinabaki hapo maisha yake yote, so huko magunia yatahitajika mengi zaidi na mnazi wenyewe uwe mnene na umesimama wima.

Jumamosi tunaenda mita 10, mwembamba. Nikitaka mvuto ubaki ule ule wa kilo 300 itabidi tuuache ushuke nusu mita, kwa hiyo tutaufunga juu ya goti kidogo na kutandaza makuti chini, mdogo wangu keshaanza kuyakusanya.