Saa kumi jua limezama, nguo bado mbichi

London, Jumapili, mwishoni mwa Novemba

Saa kumi alasiri. Kwetu pwani huu ndio wakati wa kutoka uani kuanua. Kanga zimekauka zamani, na suruali ya jinzi iliyoanikwa asubuhi imebaki na ubichi kidogo tu kiunoni na kwenye mifuko. Hapa saa kumi jua limekwisha kuzama, na soksi za jana usiku bado zina maji. Wengi wetu tunaokuja Ulaya majira ya baridi hufungasha sabuni. Sabuni inauzwa kila duka. Kinachokosekana ni jua, ambalo tumelitumia maisha yote bila kulihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Kwa hiyo ufuaji wa huku unaanza kwa swali la mwisho: nguo hii nitaianika wapi, na itachukua muda gani? Katika chumba chenye hita, shati jepesi la polista likifuliwa saa mbili usiku huwa tayari asubuhi. Fulana ya pamba inataka siku nzima. Soksi nene za pamba zinaweza kupita siku, na jinzi siku mbili au tatu. Nguo za kufua kwa mkono chumbani ziwe hizo nyepesi pamoja na za ndani. Jinzi, taulo na majaketi ya pamba yasubiri mashine, hata kama yamechafuka kabla ya zamu yake.

Maji ya London nayo yana tabia yake. Mengi yanapita kwenye miamba ya chokaa na yanabeba kalisi nyingi, ndiyo maana birika la umeme linafanya gamba jeupe ndani. Mche wa sabuni ukikutana na kalisi hiyo hautoi povu la maana. Unatoa utando wa kijivu unaoelea juu ya maji, kisha unajibandika kwenye nguo. Shati jeupe linafifia, taulo linakuwa gumu kama gunia. Mtu akiona povu halitoki anazidisha sabuni, na utando unazidi. Dawa yake ni kuacha mche na kutumia sabuni ya unga au ya maji ya kufulia, ambayo imetengenezwa ihimili kalisi. Ukienda Manchester au Glasgow mambo yanageuka: maji ya huko ni laini, povu linajaa kwa sabuni kidogo, na mche uleule unafanya kazi vizuri kabisa. Huko punguza sabuni, maana ikizidi hutamaliza kusuuza.

Kufua kwenye sinki si jambo la kueleza sana kwa mtu aliyekulia na beseni, ila vipimo vinabadilika. Sinki la kawaida la hoteli linaingia kama lita tano. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga kinatosha; ikorogwe iyeyuke yote kabla nguo hazijaingia, la sivyo chembe zinabaki kwenye mishono na kuwasha ngozi. Kizibo kisiposhika, soksi iliyokunjwa na kushindiliwa kwenye tundu inazuia maji. Nyumba nyingi za zamani Uingereza zina koki mbili zilizotengana, ya baridi na ya moto, na ya moto inaweza kuunguza. Tangulia kutia maji baridi. Anza na nguo safi zaidi, malizia na soksi. Loweka robo saa, fikicha kola na kwapa, kisha suuza mara tatu. Ukipitisha vidole kwenye kitambaa na bado kinateleza, sabuni ingalimo.

Kukamua ndiko kunakoamua kama nguo itakauka. Mashine huzungusha nguo mara 1200 hadi 1400 kwa dakika, na hakuna mikono inayofikia hapo, lakini taulo kavu linasaidia mno. Kamua kwanza kwa mikono. Tandaza taulo kitandani au sakafuni, laza shati juu yake likiwa limenyooka, viringisha vyote pamoja kama mkeka, kisha kandamiza kwa goti kutoka ncha moja hadi nyingine kwa dakika nzima. Ukifungua utakuta taulo limelowa zito, na shati halidondoshi hata tone. Hatua hii moja inapunguza saa nyingi za kusubiri. Nasikitika kuona watu wanairuka, kisha wanakaa siku mbili na nguo zinazotiririsha maji juu ya zulia.

Sweta la sufu halisokotwi kamwe. Nyuzi za sufu zina magamba madogo. Yakipata joto, maji na msuguano hushikana na hayaachani tena, na sweta la mtu mzima linatoka la mtoto. Maji ya vuguvugu hafifu, kukandamiza tu, taulo, kisha kulilaza bapa. Ukilitundika likiwa na maji, mikono inarefuka.

Halafu kuanika. Tundika kwenye henga, acha nafasi ya vidole vinne kati ya nguo na nguo, karibu na hita ya maji moto ya ukutani. Hita ya umeme usiifunike hata kwa leso, ni moto wa nyumba. Kisha fungua dirisha dakika kumi, asubuhi na jioni. Najua inauma kuruhusu baridi ndani wakati joto linalipiwa. Lakini hewa ya baridi ya nje imebeba mvuke kidogo sana. Ikiingia na kupashwa moto inakuwa kavu na inanyonya maji ya nguo. Chumba kikifungwa siku nzima, maji yanatoka kwenye nguo na kwenda kukaa kwenye vioo na ukuta wa nyuma ya kabati. Hapo koga inaota, na nguo zinafanya uvundo. Uvundo ni kazi ya bakteria waliopata muda mrefu kwenye ubichi. Manukato hayauondoi, na hata nguo ikikauka utarudi mara tu utakapotoka jasho. Ifuliwe upya, kwa maji ya nyuzi joto 60 kama kitambaa kinaruhusu.

Kinaruhusu au hakiruhusu, lebo ya ndani inasema. Beseni lenye namba ni kiwango cha juu cha joto la maji. Beseni lenye mkono: fua kwa mkono. Pembetatu ni habari za kupausha. Mraba wenye duara ndani ni mashine ya kukaushia. Nukta moja joto dogo, mbili joto la kawaida, na mkato wa X maana yake usithubutu.

Kwenye nyumba ya kupanga ya siku chache, mashine huwa jikoni. Isipowaka, angalia swichi ukutani juu ya kaunta kabla ya kumpigia mwenye nyumba. Droo ya sabuni ina vyumba vitatu: II ni ya kufulia, I ni ya kulowekea na mara nyingi inaachwa tupu, chenye alama ya ua ni cha dawa ya kulainisha. Vidonge vya sabuni haviingii kwenye droo. Vinatupwa ndani ya pipa kabla ya nguo. Jaza mpaka kiganja kiweze kupita juu ya nguo, basi. Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja inawaumiza wengi: ikiandikwa 8/5, inafua kilo nane ila inakausha tano tu. Ukiacha mzigo wote ndani, baada ya saa nyingi unapata nguo za moto, mbichi, zilizokunjamana. Kufua kukiisha, toa sehemu ya nguo, kisha kausha zilizobaki. Mlango usipofunguka mara moja usiuvute. Kufuli huchukua dakika moja au mbili kuachia.

Duka la kufulia la mtaani ni rahisi zaidi kuliko hayo yote. Nenda na sarafu, soma mlangoni saa ya mwisho ya kuingiza nguo, pangusa nyuzinyuzi kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Mengine yanapokea mfuko wako, yanafua, yanakausha na kukunja. Kwa familia yenye watoto naona ni fedha iliyotumika vizuri.

Kanga na vitenge vipya visiingie kwenye mashine na nguo za watu. Kanga nyekundu mpya ikichuja, mashuka meupe ya mwenyeji wako yanakuwa ya waridi. Kuloweka kwenye maji ya chumvi, kama tulivyofundishwa, hakuzuii rangi iliyozidi kutoka. Ifuliwe peke yake kwa maji baridi, mara mbili tatu, hadi maji yabaki meupe, na isiachwe imejikunja ikiwa na maji, kwani ndipo rangi ya pindo inapohamia kwenye mji.

Kama kuna dalili ya kunguni mahali ulipolala, nguo zote ziende dukani zikiwa zimefungwa kwenye mfuko: maji ya nyuzi 60, au nusu saa kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu, ambalo linaua na mayai pia. Mfuko uliozibeba usirudi nazo.

Usiku wa mwisho kabla ya ndege usifue chochote cha pamba. Kikibaki kitu kibichi, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu kabisa ya begi, ili kikifika kiwe cha kwanza kutoka na kwenda kambani, kabla hata zawadi hazijafunguliwa.