Kilichojificha Nyuma ya Goti

Nililiumiza goti langu la kulia nikicheza mpira katika uwanja wa Serani, na daktari mpasuaji wa mifupa alilijua tatizo kabla ya picha yoyote kupigwa. Alilikunja kidogo, akalishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha akauvuta muundi mbele, nao ukamfuata bila kizuizi. Alisema kwamba kano ya msalaba ya mbele ilikuwa imekatika, lakini akataka kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, ili ajue hali ya meniskasi, zile gegedu mbili zinazokaa kati ya mifupa.

Ya mashine yenyewe sina mengi ya kusimulia, isipokuwa kelele. Ripoti ilieleza kuwa kano imekatika, meniskasi ya ndani imechanika, na ya nje ni nzima.

"Daktari, mashine ikisema ni nzima, si basi ni nzima?" mama aliuliza.

"La, mama. Hiyo ya nje siiamini mpaka niione."

Alitueleza kwamba MRI hulitazama goti vipande vipande, kama boflo lililokatwa, na kwamba pembe ya nyuma ya meniskasi ya nje ina msongamano: kano ya poplitiasi, msuli mdogo ulio nyuma ya goti, hupita papo hapo, na kuna nyuzi nyingine nyembamba zinazoweza kufanana na mpasuko au kuuficha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003, uliojumuisha tafiti 29, ulionyesha kwamba kati ya mipasuko 100 ya kila upande iliyothibitishwa kwa upasuaji, MRI ilikuwa imeiona takriban 93 ya meniskasi ya ndani, lakini 79 tu ya meniskasi ya nje. Tena kano ya mbele ikiwa imekatika, kama yangu, mpasuko wa nje huponyoka kwa urahisi zaidi.

Ami yangu, mtu mzima aliyekuja kutusindikiza, aliomba naye apigwe picha ya goti lake linalomsumbua akipanda ngazi. Daktari alimkatalia kwa adabu, akamwambia kuwa katika utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, asilimia 61 ya watu wa makamo na wazee waliokutwa na meniskasi zilizochanika hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wowote katika mwezi uliotangulia; mpasuko ukionekana, si lazima uwe ndio unaouma. Ami hakuridhika, mimi niliona jibu lile lina uzito kuliko ripoti yangu.

Fomu ya idhini ya upasuaji wangu iliandikwa ili imruhusu daktari kutengeneza chochote atakachokikuta. Kwa kuwa nilidungwa sindano ya mgongo, nilikuwa macho nikitazama skrini wakati kamera ilipoingizwa kwa tundu dogo. Kano ilikuwa imekatika kweli, na mpasuko wa ndani ulikuwapo. Kisha akaielekeza kamera upande wa nje, akaibinya meniskasi kwa ncha ya kifaa chake, na ukingo wa nyuma ukainuka: ulikuwa umechanika.

Baadaye yeye na mtaalamu wa radiolojia walizirudia picha, na safari hii, wakijua pa kutazama, waliuona mstari hafifu ambao mwanzoni ulidhaniwa kuwa njia ya ile kano ya poplitiasi. Mpasuko ulikuwa umeshonwa, hivyo nilikatazwa kuukanyagia mguu uzito wote na kulikunja goti sana kwa majuma kadhaa, na barua ya likizo niliyompelekea mwajiri kwa kufuata ripoti ya MRI ikabidi iandikwe upya.